Pieryne Aliyepumulia Dhahabu

Baba Paroko, viongozi na wanachama wa chama cha watengeneza vitabu, majirani wa mtaa wetu, na ninyi nyote mliokuja kwa miguu katika matope haya, familia inaomba radhi kwamba historia ya mpendwa wetu inasomwa hapa nje ya ukuta wa makaburi, upande wa mfereji, na siyo kanisani ambako mishumaa imeshawashwa na inazidi kuisha. Wabebaji wameomba kupumzisha mabega, wanasema jeneza ni zito mno kwa mwanamke aliyekonda vile, nasi tumewakubalia haraka, kwa sababu hata wasingeomba tungewasimamisha wenyewe, hapa hapa, na sababu yake mtaisikia kwa utaratibu, tukianzia kuzaliwa kama desturi inavyotaka.

Marehemu Pieryne alizaliwa hapa Brugge tarehe 9 Februari mwaka 1431, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Lieven, mtengeneza ngozi za kuandikia, na mkewe Kateline, katika nyumba ile ya ukingoni mwa mfereji ambayo wapita njia waliijua kwa pua kabla ya kuijua kwa macho, kwa kuwa ngozi za ndama zililowekwa kwenye chokaa majira yote ya mwaka, na harufu yake iliingia kwenye mkate, kwenye shuka na kwenye nywele za watoto, hata bibi yake mzaa baba akawa anamtania kwamba huyu ataolewa na ndama, maana binadamu hatamkaribia.

Mwaka 1438 alipelekwa kusoma kwa wale mabibi wacha Mungu wa ng'ambo ya daraja, wanaoishi pamoja bila kula kiapo cha utawa, nao wakamfundisha kusoma zaburi, kushona na kunyamaza, na hilo la tatu halikumwingia. Bibi Aechte, mwalimu wake, aliwasomea siku moja habari za wanyama na maana zake, kwamba simba jike huzaa watoto wakiwa wafu, hukaa nao akiwalinda, na siku ya tatu baba yao huja, akawapumulia usoni wakawa hai, na kwamba hivyo ndivyo Mungu Baba alivyomfufua Mwanawe siku ya tatu, ndiyo maana wachoraji humweka simba pembeni mwa kaburi lililo wazi. Wasichana wote wakasema amina, isipokuwa Pieryne, aliyetaka kujua huyo baba alikuwa wapi siku zote hizo. Bibi Aechte akamjibu, "Alikuwa na kazi," na Pieryne akasema, "Kazi gani, Bibi, naye ni simba?" kisha akamalizia somo akiwa amesimama ameelekea ukutani.

Mwaka 1444 aliingia karakana ya Bwana Joos, mchoraji wa vitabu vya sala, na huko ndiko alikojifunza dhahabu. Wenzake katika kazi mliopo hapa mnajua, lakini wapo wauza samaki na wafuma sufu kati yetu, kwa hiyo tuseme kwamba dhahabu ya kitabuni haipakwi kama rangi, kwanza huwekwa rojo la chokaa na gundi juu ya ngozi, likikauka mtu huinama akalipumulia kwa kinywa wazi, polepole, mpaka joto na unyevu wa pumzi yake viliamshe likawa na unato, na hapo hapo hulaza juu yake ubamba wa dhahabu ulio mwepesi kuliko ganda la kitunguu, na pumzi ikiwa fupi dhahabu itabanduka, ikiwa ndefu rojo litalowa. Pumzi ya Pieryne ilikuwa na kipimo chake, mabwana wa mitaa mingine walikuwa wanakuja mlangoni kwa Joos kuiazima kama mtu anavyoazima ngazi, "Nipe pumzi ya yule binti asubuhi hii tu, nina malaika watano hawana mataji."

Mpakaji wa dhahabu ana adui mmoja, nao ni upepo, na siyo wa dirishani peke yake, kwa kuwa hewa ya moto inayopanda kutoka kwenye makaa huunyanyua ubamba na kuukunja kabla hujasema Yesu na Maria, lakini majira ya baridi huwezi kufanya kazi bila makaa miguuni, kwa hiyo kila mpakaji wa dhahabu hufundishwa kuweka kiganja kati ya moto na dhahabu mara tu anapoona ukingo wake umetikisika. Baada ya miaka michache mkono huo hauhitaji kuambiwa, hujiendea wenyewe, na mkono wa Pieryne ulikuwa ukijiendea hata mezani, akiona uzi wa nyama unacheza juu ya mvuke wa mchuzi, hata kwenye harusi ya kaka yake, ambako aliulinda utepe wa kofia ya bibi harusi dhidi ya mshumaa mpaka watu wakacheka, naye akacheka pamoja nao.

Tarehe 8 Mei mwaka 1452 alifunga ndoa na Wouter, mchoraji wa sura za watu, ambaye yuko nasi, ameketi pale kwenye kigoda, na tunawaomba msimwonee huruma kwa sauti kubwa kwa sababu hapendi. Walifungua karakana yao wenyewe, yeye akachora nyuso na mikono, mkewe akaweka dhahabu na wanyama wa pembezoni, na wageni wakimsifu Wouter kwa ustawi wa nyumba yake alikuwa akijibu, "Pieryne akihema, mimi nakula," jibu ambalo wengi mliliona la mzaha, nalo lilikuwa la kweli tupu.

Kuhusu watoto, historia za marehemu zinazosomwa katika parokia hii huwa zinasema kwamba Mungu hakuwajalia, kisha zinaendelea na ugonjwa. Marehemu alitukataza kuandika hivyo. Jumatano ya tarehe 17 Machi mwaka 1456 alijifungua mtoto wa kike, mzuri, mwenye nywele, asiyelia. Mkunga alifika maji ya ubatizo yakiwa hayana tena wa kumwagiwa, na mtoto asiyebatizwa, kama mnavyojua, hapiti lango hili, hulazwa huku nje tuliposimama, pamoja na wale ambao mji hautaki kuwakumbuka.

Majirani wakasema, mpelekeni Lindebeke. Wapo hapa kina mama waliowahi kwenda, nasi hatutawataja, maana kila mmoja anajua alichokifuata, huko kuna altare ya Mama Maria ambapo watoto waliozaliwa kimya hulazwa kati ya vyungu vya makaa, watu wakaimba na kuomba, kisha huwekewa unyoya mdomoni, na unyoya ukisogea, mtoto amehema, padri humbatiza papo hapo, na hata akifa tena kabla ya amina ya mwisho amekufa Mkristo na atazikwa kama Mkristo, na siku ya ufufuo atajua kaburi lake liko upande gani wa ukuta. Pieryne aliondoka kitandani akiwa bado anavuja damu na maziwa, wakamlaza mtoto ndani ya kisanduku cha mwaloni alichokuwa akiwekea rangi zake, wakapanda gari la nyasi, na Wouter akakipakata kile kisanduku njia nzima, asimpe mtu. Walifika Ijumaa, na wanawake waliokuwa mlangoni wakawapokea kwa furaha, "Siku ya tatu, mama, umekuja siku ya simba, hiyo ni dalili."

Yaliyotokea pale ndiyo yaliyomfuata marehemu mpaka leo, kwa hiyo tunayasema kama yalivyokuwa. Makaa yalikuwa kulia na kushoto, mashavu ya mtoto yalishika joto hata yakaonekana na rangi, mama mzee anayetunza altare akaweka unyoya, nyimbo zikakoma, na baada ya muda unyoya ukanyanyuka upande mmoja, kidogo, ukatetemeka. Yule mama mzee akasema, "Amehema," wanawake wakalipokea neno hilo wakalipeleka hadi mlangoni, Wouter akaanguka magotini, padri akachota maji kwa kombe, na mkono wa Pieryne ukaenda. Haukutumwa, ulikwenda kama ulivyokwenda kwa miaka kumi na miwili mbele ya dhahabu ya watu wengine, ukasimama kati ya makaa na kinywa cha mwanawe, na unyoya ukalala.

Yule mama mzee akamwambia, bila ukali, "Toa mkono, binti." Pieryne akasema, "Ni makaa." Na mama mzee akamjibu kwa sauti ya chini, jibu ambalo marehemu alilirudia mara nyingi kuliko sala yoyote, "Sote tunajua kuna makaa. Toa mkono." Alipoutoa, padri alikuwa ameshayarudisha maji kwenye chombo, kwa kuwa hakuweza kumbatiza mbele ya mashahidi mtoto ambaye wote walikuwa wamemwona akiacha kuhema kwa kiganja cha mamaye.

Familia imebishana juu ya jambo hili miaka yote, wapo waliosema ni kiburi cha kazi, wapo waliosema ni ukweli na wakamsifia, naye hao waliomsifia ndio aliowachukia zaidi, akiwaambia kwamba ukweli haukumwuliza, mkono ulitangulia. Wouter alichimba hapa hapa, mtoto akazikwa ndani ya kisanduku kile cha rangi bila jina na bila kengele, na walipofika nyumbani Wouter alisema neno moja, "Ungemwacha aheme," kisha hakulisema tena, wala haikuhitajika, lilikaa nao mezani na kitandani kwa miaka ishirini na moja.

Hawakupata mtoto mwingine. Walimlea Tanneken, binti wa kaka yake Pieryne, ambaye ndiye mnayemsikia akisoma, na shangazi yake alimfundisha dhahabu, yaani kuhema, kunyamaza wakati wa kuhema, na kuulinda ubamba kwa mkono, na somo hili la mwisho alilifundisha akiwa ameangalia dirishani.

Karakana iliendelea, watu wa Brugge na wa mbali walitaka vitabu vya sala vyenye ukurasa wa Ufufuko, Bwana anatoka kaburini, askari wamelala, chini kuna Yona anatapikwa na samaki, pembeni kuna simba na watoto wake, na simba huyo alikuwa wa Pieryne. Simba wake walikuwa na manyoya mtu angetaka kuyashika, kinywa kimefunguka, watoto wamelala kijivu mbele yake, na kati ya kinywa na watoto hapakuwa na kitu, ile mistari myeupe ambayo wachoraji huonyeshea pumzi hakuichora hata mara moja. Mke wa mfanyabiashara mmoja wa sufu alikiinua kitabu chake kwenye mwanga akauliza, "Samahani, bwana, huyu simba anapiga miayo?" na Wouter akakichukua, akaongeza mistari mitatu ya rangi nyeupe, akakirudisha bila kumtazama mkewe, na tangu siku hiyo ikawa ndiyo kawaida ya nyumba ile, mke huchora simba na mume huongeza pumzi, na kila kitabu kilichotoka kwao kimebeba ugomvi wao pembeni mwa kaburi la Bwana, na wenye vitabu wanapiga magoti mbele yake asubuhi na jioni.

Kwenye kurasa za sala za wafu alikuwa na tatizo jingine, nalo unalikumbuka, Baba Paroko, kwa sababu alikuletea wewe. Ulimfundisha kwa upole kwamba siku ya mwisho wafu wote watafufuka na umri wa Bwana alipokufa, miaka thelathini na ushei, wazee watarudi nyuma na watoto watasogezwa mbele, ndiyo maana katika vitabu vyote wanaotoka makaburini ni watu wazima wenye afya njema. Akakuuliza, "Basi mimi nitamjuaje, Baba?" Ukamjibu kwamba siku hiyo hatakuwa na haja ya kujua. Alirudi nyumbani, akachora wafu thelathini wenye afya njema kama alivyoagizwa, na mbali na wote, pembezoni kwenye maua, akachora kisanduku kidogo ambacho kifuniko chake kinasukumwa kutoka ndani kwa mkono mdogo. Wateja wengine waliomba kikwanguliwe, kikakwanguliwa, naye akakichora kwenye kitabu kilichofuata.

Ugonjwa ulianza majira ya baridi ya mwaka 1475, ni ule wa wapaka rangi, kwa kuwa alizoea kuichongoa brashi kwa midomo na rangi nyeupe hutengenezwa kwa risasi, madini yenye sumu, kwanza tumbo, kisha vidole, kisha pumzi ikawa fupi, na siku ukurasa wake wa kwanza uliporudishwa kwa sababu dhahabu imebanduka alicheka, akasema sasa hata simba wanamzidi. Wouter alikuwa ameshanunua nafasi ndani ya kanisa, chini ya sakafu, na kuagiza jiwe lichongwe kaburi lililo wazi na simba akiwapumulia watoto wake, pamoja na ile mistari ya pumzi. Marehemu alipoonyeshwa mchoro alisema, "Mwambie mchongaji amfunge mdomo huyo, atanipuliza vumbi," na akaomba azikwe hapa nje.

Baba Paroko, ulimweleza kwamba huku huzikwa waliojiua, waliotengwa na Kanisa, na wakopesha kwa riba waliokufa bila kutubu, na kwamba Mkristo mwenye jina jema hawezi kujichagulia matope. Akakuuliza kutoka kitandani, "Katika makundi hayo, Baba, lipi linamfaa mgonjwa asiye na mtaji?" Ulicheka, tulikusikia tukiwa jikoni, lakini jibu lako halikubadilika.

Alifariki Jumanne ya tarehe 11 Novemba mwaka huu wa 1477, sikukuu ya Mtakatifu Martino, asubuhi, wakati mtaa mzima ulikuwa unanuka bata bukini wa kuoka. Kinyozi aliyekuwa akimtoa damu hakupata unyoya wa kumpima, Tanneken akampa ubamba wa dhahabu, ukawekwa midomoni, na ukingo wake ukanyanyuka. Kinyozi akasema, "Bado anahema." Wouter alikuwa ameketi upande wa jiko. Mtu huyu hajawahi kupaka dhahabu maishani mwake, amechora nyuso tu, aliutazama ule ubamba ukicheza, akaukunjua mkono wake, akauweka kati ya jiko na kinywa cha mkewe, na dhahabu ikalala. Akabaki hivyo mpaka kiganja kikawa chekundu, na alichosema, baadaye sana, ni, "Sote tulijua kuna jiko."

Kesho yake, mchana, watu wakiwa sokoni, Wouter alichukua koleo akaja hapa, hakuuliza mtu mahali, akachimba penyewe. Mwaloni haukuoza, matope yetu yana wema huo. Wapo majirani waliotushauri tufiche, jeneza likishapigiliwa nani ataangalia miguuni, lakini marehemu alikuwa ameshalisema hilo alipokuwa na pumzi za kusemea, "Siyo kwa kuficha. Nilimnyima pumzi ya uongo, sitampitisha kwenye lango la uongo. Someni kwa sauti, na yeye asikie." Kwa hiyo tunasoma kwa sauti. Wabebaji, uzito mliolalamikia si wa marehemu peke yake, kisanduku cha rangi kiko miguuni pake, kimefungwa kama kilivyozikwa, hatukukifungua.

Familia inamshukuru daktari aliyeutazama mkojo wa marehemu kwenye mwanga kwa umakini ambao hakuwahi kupata nafasi ya kumtazamia mwenye mkojo, inamshukuru kinyozi, inawashukuru wale mabibi wa ng'ambo ya daraja waliomgeuza kitandani bila kumhubiria, majirani wote kwa kuni, samaki wa chumvi na bia, na hasa yule aliyeleta mchuzi kila siku na kuomba asitajwe. Inawashukuru wenzake wa chama kwa mishumaa, na kwa kutorudisha ukurasa wa pili. Inakushukuru wewe, Baba Paroko, kwa uvumilivu uliokuwa nao kwake, na ule utakaouhitaji sasa hivi.

Kwa maana lango ni lile pale, na ni lako. Ukiliacha wazi, wataingia wote wawili, watalala chini ya jiwe lililolipiwa, na simba atapumua au hatapumua, hatutabishana tena juu yake. Ukilifunga, pia hatutabishana, Wouter hakulifukia lile shimo, jana alirudi na koleo, akalitanua na kulirefusha mpaka likamtosha mtu mzima, nalo liko hapa nyuma yake, ndiyo maana ameketi mahali pabaya namna ile. Jambo moja tu halitawezekana leo, nalo ni kuwatenganisha.

Wabebaji, shikeni, nyanyueni upande wa miguu taratibu. Pieryne, na wewe ambaye hukuachiwa muda wa kupewa jina, pumzikeni kwa amani, upande wowote wa ukuta.